Soma Mtutu Kabla ya Kupakia: Shotigani ya Zamani na ya Sasa

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wahitimu wa kisomo, Samunge)

  

Leo sitazungumza juu ya mbolea wala juu ya choo cha shimo. Hayo mmeyasikia kwangu mpaka mmechoka, nami nimewaona wengine mkisinzia. Leo nitazungumza juu ya bunduki. Naona sasa hakuna anayesinzia!

Sababu ni swali. Juma lililopita mzee wetu mmoja wa darasa la jioni alinishika mkono nje ya ofisi ya kijiji. Akaniambia hivi: "Mwalimu, ninayo shotigani ya zamani, ile ya kuvuta na kusukuma. Mwanangu anasema hiyo ni takataka. Anataka niiuze ninunue ya kisasa. Wewe unayesoma vitabu, niambie ipi ni bora kwa kuwinda."

Nikamwambia, mzee, nipe siku saba. Siku saba zimekwisha.

Kwanza niseme neno la sheria, kisha niliache. Silaha yoyote bila kibali ni kosa. Hata gobore la kushindilia baruti kwa mdomo lahitaji kibali. Tunayo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kuua mnyama wa porini bila leseni ni kosa jingine, na hilo lina sheria yake, ya mwaka 2009. Ukivuka mpaka ukaingia katika Hifadhi ya Ngorongoro, huko uwindaji hauruhusiwi. Kwa hiyo mtu asitoke hapa akasema, "Mwalimu katuruhusu." Mimi nazungumza na mtu mwenye kibali cha bunduki na leseni ya mnyama mkononi. Mzee wetu anavyo vyote viwili, nimeviona na nimevisoma.

Haya. Shotigani ya kuvuta na kusukuma ni bunduki gani? Wengine huiita pampu, nami nitaiita hivyo. Chini ya mtutu kuna bomba jingine. Humo ndimo risasi hukaa, moja nyuma ya nyingine. Juu ya bomba hilo kuna kishikio cha mti kinachoteleza. Ukikivuta kuja kwako, ganda la risasi uliyokwisha kupiga hutoka na kuruka pembeni. Ukikisukuma mbele, risasi mpya hupanda kutoka kwenye bomba na kuingia chemba, yaani kile chumba cha risasi mwisho wa mtutu. Vuta, sukuma, piga. Ndiyo kazi yake yote.

Bunduki ya mzee wetu niliishika. Baba yake aliipata kwa mkulima mmoja wa kizungu wa Oldeani aliyekuwa akirudi kwao. Imeandikwa Winchester, na mahali pengine Model 1897. Namba hiyo ni mwaka bunduki za namna hiyo zilipoanza kutoka. Aliyeibuni ni Mmarekani aitwaye John Browning. Kiwanda kiliendelea kuzitengeneza mpaka mwaka 1957, na zilitoka zaidi ya milioni moja. Kwa hiyo hata mpya kabisa ya aina hiyo leo ni mzee mwenye wajukuu.

Utaijua kwa nyundo. Nyundo yake iko nje, nyuma kabisa, imesimama kama sikio la mbuzi. Unaiona ikilala na ikiinuka. Nduguye aliyemfuata, Model 12, alitoka mwaka 1912. Yeye nyundo yake imefichwa ndani.

Ya kisasa ambayo kijana anaitaka ni kama Remington 870 au Mossberg 500. Nasema "ya kisasa", lakini sikilizeni miaka yake. Remington 870 ilianza mwaka 1950, na Mossberg 500 ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kijana wetu anaita ya kisasa bunduki inayomzidi umri baba yake! Lakini zinaendelea kutengenezwa, na ile ya Remington ilipita milioni kumi kufikia mwaka 2009. Basi tuziite mpya, tusigombane.

Sasa tofauti.

Tofauti ya kwanza iko kwenye kidole. Naomba vijana mnisikilize hapa. Ukiwa na ile ya 1897, ukapiga, na usiachie kifyatulio, halafu ukavuta na kusukuma huku kidole bado kimebana, bunduki itapiga yenyewe. Itapiga mara tu chemba inapojifunga. Huhitaji kubonyeza tena. Model 12 nayo iko hivyohivyo. Katika bunduki mpya, mafundi waliweka kipande cha chuma kinachotenganisha kifyatulio na nyundo. Lazima uachie kidole kwanza, ndipo ubonyeze tena. Usipoachia, haipigi.

Wapo walioipenda tabia hiyo ya bunduki ya zamani. Katika Vita Kuu ya Kwanza, askari wa Marekani walikwenda nayo kwenye mahandaki ya Ufaransa. Mwaka 1918 serikali ya Ujerumani ilipeleka malalamiko rasmi kwamba silaha hiyo ni ya kikatili mno. Wamarekani wakayakataa. Mimi niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu. Ni Wajerumani walewale waliokuja na bombomu kuwapiga watu wetu wakati wa Maji Maji, mwaka 1905 hadi 1907.

Lakini wewe hupigani vita. Wewe unafuata kanga kwenye majani, umechoka, jasho linakutoka, na mbele yako yupo mwenzako anayefukuza ndege waruke. Umepiga mara moja ukakosa. Kwa haraka unavuta na kusukuma, kidole kimesahau. Risasi ya pili itaelekea mahali ambapo hukulenga. Kwa hiyo mwenye bunduki ya zamani lazima akifundishe kidole chake kutoka, kila mara, mpaka kizoee kama mkono unavyozoea jembe.

Na ile nyundo ya nje? Model 1897 haina kitufe cha usalama. Usalama wake ni kuishusha nyundo mpaka nusu, pale inapojishika. Kuishusha ni kazi ya dole gumba, na dole gumba lenye jasho huteleza. Likiteleza, risasi imetoka. Mpya zina kitufe. Remington kiko nyuma ya kifyatulio, Mossberg kiko juu, mgongoni, mahali ambapo dole gumba hulala lenyewe. Kwa maoni yangu hapo Mossberg wamefikiri vizuri zaidi. Lakini kitufe ni chuma, nacho huchakaa. Usimwelekezee mtu mtutu kwa sababu eti umebonyeza kitufe.

Tofauti ya pili ndiyo iliyonileta hapa. Hii haionekani kwa macho ya asiyesoma. Inasomwa.

Kila shotigani ina namba ya ukubwa wa mtutu. Iliyo ya kawaida ni 12. Kuna 16, kuna 20. Sasa nawauliza: kati ya 12 na 20, mtutu upi ni mpana zaidi?

Nimesikia wengi mnasema 20. Hapana. Ni 12. Hesabu hii imegeuka, nami nitawaambia kwa nini. Zamani walichukua ratili moja ya risasi, yaani ule uzito wa Kiingereza, wakaigawa kuwa vidonge vilivyo sawa. Ukigawa mara 12, kila kidonge ni kikubwa, na mtutu unaokipokea ni mpana. Ukigawa mara 20, vidonge ni vidogo, na mtutu ni mwembamba. Mkate uleule, walaji wengi, vipande vidogo.

Hapa nitawaambia habari ya nyumbani kwetu. Mjomba wangu, mkulima wa Karatu, alikuwa na shotigani namba 12 ya mtutu mmoja, yenye kibali. Msimu mmoja kanga walikuwa wakifukua mbegu za mahindi. Alikwenda mjini, akanunua risasi katika duka moja. Muuzaji akampimia katika karatasi, bila boksi, na humo zikachanganyika risasi za namba 20. Nyumbani zote zikatiwa katika kopo moja. Mjomba hakujua kusoma. Alijua tu kwamba risasi ni risasi.

Alfajiri akaenda shambani. Akaingiza risasi moja, ikateleza ndani ya mtutu mpaka ikakwama huko mbele. Alipotazama nyuma aliona tundu tupu. Akadhani hakupakia. Akaingiza nyingine, hii ikawa namba 12. Akawaona kanga, akapiga. Mtutu ulifunguka kama ndizi iliyomenywa. Mjomba alipoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto, na sikio lake moja halisikii mpaka leo.

Wakati huo mimi nilikuwa chuo cha ualimu. Niliporudi likizo nililiomba lile kopo nikalitazama. Ndugu zangu, ilikuwa imeandikwa! Kwenye kitako cha shaba cha kila risasi, tarakimu mbili, wazi kabisa: 12 kwenye hizi, 20 kwenye zile. Na zile za 20 zilikuwa za manjano. Watengenezaji huzipaka manjano makusudi ili mtu asichanganye. Lakini rangi nayo ni herufi. Asiyeambiwa maana yake ataona manjano tu.

Mjomba alijiandikisha kisomo mwaka uliofuata, na umri wake umepita sitini. Mwalimu wake alitaka kuanza na irabu. Yeye akasema, "Nionyeshe kwanza ishirini inavyoandikwa."

Basi, 12 kwa 12. Je, imetosha? Haijatosha. Hapa ndipo bunduki ya zamani na risasi za leo zinapogombana.

Chemba ina urefu wake. Bunduki nyingi za zamani, hasa za Uingereza zilizokuja huku wakati wa ukoloni, zilichongwa chemba ya inchi mbili na nusu. Hiyo ni kama milimita 65. Zikaja za inchi mbili na robo tatu, ndiyo 70. Bunduki mpya nyingi ni za inchi tatu, ndiyo 76. Risasi za madukani leo nyingi ni za 70. Kwenye boksi utaona imeandikwa 70 mm, au 2 ¾ na vijistari viwili juu. Vijistari hivyo ni inchi.

Sasa tega sikio. Risasi ya 70 itaingia katika chemba ya 65. Itaingia vizuri, na bunduki itafunga bila kukuonya. Kwa nini? Kwa sababu urefu ulioandikwa ni wa ganda lililokwisha kupigwa, mdomo ukiwa umekunjuka. Risasi nzima imekunjwa mdomo, urefu wake ni kama sentimita 6 hivi. Ikipigwa, mdomo hukunjuka na kutaka nafasi. Katika chemba fupi nafasi haipo. Mdomo hukunjukia mahali mtutu unapoanza kuwa mwembamba, ukabana njia ya marisau.

Nyinyi watu wa Samunge mnajua mifereji kuliko mimi. Maji yakiwa yamejaa na mtu akaliziba lango, maji husubiri? Hayasubiri. Hubomoa ukingo. Na bunduki ni hivyo. Nguvu ya baruti hutafuta pa kutokea. Bunduki nzima na imara huenda ikavumilia leo, ikavumilia kesho, ikimpiga mwenyewe bega. Iliyochakaa haivumilii. Tena mitutu mingine ya kizamani kabisa, ile yenye michoro ya mawimbi kwenye chuma, ilisokotwa kwa nyuzi za chuma enzi ya baruti nyeusi. Hiyo usiipigie risasi ya leo hata kama urefu unalingana.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la kwanza. Namba ya urefu kwenye risasi iwe sawa na namba iliyo kwenye mtutu, au ndogo zaidi. Isizidi. Risasi ya 65 katika bunduki ya 70, sawa. Ya 70 katika bunduki ya 76, sawa. Ya 76 katika bunduki ya 70, hapana. Mtu akikuambia, "Lakini imeingia," mjibu kwamba hata ile ya mjomba iliingia.

Sasa bunduki ya mzee wetu. Niliitazama mtutu mzima, juu na ubavuni. Nikaona 12. Urefu wa chemba sikuuona. Haukuandikwa. Bunduki nyingi za Marekani za wakati ule ziko hivyo, na nyingine katika hizo zina chemba fupi kuliko 70. Kwa hiyo mzee amekuwa akipiga risasi za 70 miaka yote bila kujua chemba yake ni ya urefu gani. Alinitazama sana nilipomwambia. Dawa yake si kukisia, wala si kuingiza kijiti. Ni kuipeleka kwa fundi wa bunduki mwenye leseni, aipime kwa kipimo chake na kuandika jibu kwenye karatasi. Mpaka siku hiyo isipigwe hata mara moja.

Mnaniuliza, na katika kuwinda kwenyewe je? Hapa sina maneno mengi. Marisau hayajui yametoka kwenye bunduki ya mwaka gani. Ya zamani iliyo nzima na mpya zote zitamwangusha kanga kwa hatua thelathini, na zote zitamkosa kwa hatua themanini. Kwa kanga watu hutumia marisau namba 5 au 6. Kwa nguruwe mwitu ni yale makubwa, SSG, tena umsogelee. Hapa pia hesabu imegeuka: namba ikipanda, punje zinapungua ukubwa. Ya zamani mdomo wake ulibanwa kiwandani mara moja, ukabaki hivyo. Mpya nyingi zina kipande cha mdomo kinachofungwa na kufunguliwa kwa skrubu, unabadilisha ukitaka marisau yatawanyike au yaende pamoja. Ni kizuri, lakini wengi hukifunga siku ya kununua na hawakigusi tena mpaka kinashika kutu.

Kuhusu ubora wa chuma, nitamsifu mzee. Ile ya 1897 ilichongwa kwa chuma kizima, na mafundi wake hawakuwa na haraka. Mossberg mwili wake ni wa aluminiamu, ni nyepesi kwa mtu anayepanda milima yetu. Remington mwili wake ni wa chuma, lakini zile za bei nafuu hupata kutu upesi usipozipaka mafuta. Upande wa vipuri mpya inashinda. Ya mwaka 1897 ikivunjika kijipande cha ndani, utakitafuta mpaka uzeeke. Kampuni ya Remington ilifilisika mwaka 2018 na tena mwaka 2020, ikauzwa vipande vipande. Lakini bunduki zake ni nyingi mno duniani, vipuri havijakatika.

Jambo moja ni la pampu zote, ya babu na ya mjukuu. Pampu hudanganya. Ukivuta ukaona risasi imetoka, usiseme "iko tupu". Bomba la chini lina nyingine. Ukisukuma, umepakia tena. Itoe moja moja mpaka bomba liishe. Kisha tazama chemba kwa macho, na uingize kidole kuhakikisha. Usiku, fanya kwa kidole.

Basi jibu langu kwa mzee ni hili, nalo ni maoni yangu. Bunduki yako si takataka. Fundi akisema chemba ni fupi, tafuta risasi za urefu wake. Ukizikosa, iache ipumzike. Akisema ni ya 70 na chuma ni kizima, itumie wewe, kwa sababu kidole chako kimeizoea. Lakini usimwachie kijana aanze nayo. Yeye na ajifunzie mpya, inayomlazimisha kuachia kifyatulio, tena aombe kibali chake kwa jina lake. Mzee amekubali nusu. Kijana naye amekubali nusu. Nusu mbili ni moja, hiyo nayo ni hesabu.

Mama mmoja hapa mbele ameinua mkono. Anasema, "Mwalimu, sisi hatuwindi, mbona umetuita?" Mama, nani anayefagia nyumba? Nani anayejua kopo gani liko wapi? Kule kwa mjomba, shangazi ndiye aliyezimimina zile risasi katika kopo moja, kwa nia njema, ili zisitapakae. Angekuwa amesoma tarakimu mbili tu, angeziweka kando. Risasi zikae katika boksi lake lenye maandishi. Zifungiwe mbali na bunduki, na bunduki nayo ifungiwe. Ukiona ya manjano katikati ya nyekundu, usimwachie baba watoto aseme ni rangi tu. Soma kitako chake.

Jumatano ijayo, saa kumi jioni, hapahapa. Kila mtu alete daftari na rula. Mwenye maganda matupu ya risasi ayalete, tuyapime kwa milimita na kuandika majibu ubaoni. Maganda matupu tu, ndugu zangu. Risasi nzima na bunduki zibaki nyumbani, zimefungiwa.